Kwetu Hata Ng'ombe Wanaongea

Mzee Kipchirchir alimdanganya mama wa kliniki, na kosa hilo lisizungushwe. Aliulizwa swali rahisi, jibu alikuwa nalo, akatoa jibu lingine. Tena alikuwa amevua kofia, kama mtu aliyeingia kanisani.

Siku hiyo alikuwa amempakata mjukuu wake Kiptum. Molly, mke wa mwanawe na mama wa mtoto, alikaa kiti cha pembeni. Kiptum ametimiza miaka mitatu na miezi yake. Anakimbia, anacheka, anafukuza kuku wa jirani mpaka jirani anakuja kulalamika, lakini maneno yake yote ungeyashika kwa kiganja kimoja na nafasi ikabaki. Mama wa kliniki alimpima masikio, akasema anasikia vizuri. Akauliza kama alizaliwa kabla ya wakati, Molly akasema hapana. Kisha akauliza, "Na kwa familia, kuna mwingine aliyechelewa kuongea?"

Mzee akacheka kwa sauti. "Kwetu? Kwetu hata ng'ombe wanaongea!"

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka pia. Mama wa kliniki naye akatabasamu, akamgeukia Molly, na Molly akabaki peke yake pale mezani kama mshtakiwa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kwao hajui mtu kama huyo, lakini atauliza. Wakaambiwa warudi Alhamisi.

Nyumbani, Mama Rebeccah, mke wa mzee, alitoa hukumu kabla sufuria haijachemka. Mtoto amechanganyiwa lugha. Mama yake anamwongelesha Kijaluo, nyanya yake Kipsigis, majirani Kiswahili, sasa ulimi wake utashika gani? Kuanzia siku hiyo ikawa Kipsigis peke yake. Molly, ambaye amezaliwa upande wa ziwa, Kipsigis chake kilikuwa cha kusalimia watu na kufukuza ng'ombe. Kwa hivyo akawa hamsemeshi mtoto sana. Na ule wimbo wa kwao aliokuwa akimwimbia kila jioni kwenye karai la kuogea, ukakatika. Mzee aliuona huo ukimya. Akauombea. Hakufanya kingine.

Basi ilikuwa Jumatano, kesho yake ndiyo siku ya kurudi. Pale kando ya barabara ya Roret kuna kituo ambapo wakulima huleta majani ya chai na kungoja lori la kiwanda. Nje ya kituo kuna ubao wa mti wa mblugamu uliowekwa juu ya mawe mawili. Hilo ndilo benchi, na lori likichelewa, benchi hilo ndilo bunge. Injinia hukaa mwisho karibu na ukuta. Jina lake ni Opondo, mzaliwa wa ziwani aliyestaafu kwenye mitambo ya kiwanda, na mpaka leo kila kitu anakieleza kama mtambo. Turbo ni Kipruto, mwendesha boda, ambaye huwa amekaa juu ya pikipiki yake na mguu mmoja kwenye benchi. Janefer muuza chai na mandazi anaitwa Katibu, maana hakuna habari inayopita Roret bila kupitia kwake. Na Mzee Kipchirchir, mzee wa kanisa, jina lake hapo ni Redio. Akianza kuongea, hakuna kitufe cha kuzima. Akiombea chakula, ugali hupoa. Majani yalikuwa yamejaa kwenye mifuko, mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Litein, na lori halikuonekana.

Injinia: Redio, kwani leo betri imeisha? Tangu nikae hapa hujasema kitu.

Redio: Nangoja ile lori.

Katibu: Wacha hiyo. Kesho si ndio mnarudi kliniki na Kiptum?

Redio: Ndiyo kesho.

Katibu: Na mmepata shida ni nini?

Redio: Bado tunatafuta.

Turbo: Mzee, hiyo si ya kutafuta. Ni simu. Mtoi amekaa na katuni tangu akiwa mdogo. Unajua hapo kichwa inafanya nini? Inadaunlodi. Maneno iko, lakini imefika sitini kwa mia, netiweki ikapotea.

Redio: Kwetu mtoto hapewi simu. Simu ni yangu, na ni ile ya kubonyeza.

Turbo: Ah. Basi hiyo ndiyo shida. Hana bando kabisa.

Redio akacheka kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili. Moyoni alikuwa anafurahi kwa njia asiyoweza kumweleza mtu. Kila mmoja pale akileta sababu yake, swali lilisogea mbali kidogo na yeye.

Injinia: Nyinyi vijana hamjui mitambo. Sikilizeni. Boila ikiwa na moto, na maji iko, lakini stimu haitoki, unaangalia nini? Vali! Huyu mtoto ana moto, si mnaona akikimbia? Lakini chini ya ulimi kuna kamba imekaza. Unakata hiyo kamba, maneno yanaruka, pshhh!

Katibu: Injinia, wewe usikaribie mtoto wa mtu na kisu.

Injinia: Si mimi nitakata! Nasema tu vile mtambo unafanya.

Redio: Walimwangalia ulimi. Hakuna kamba. Anautoa mpaka unagusa kidevu, tena anautoa kwa wageni.

Katibu: Basi mimi niwaambie. Alinyolewa mapema. Kuna watoto wa kunyolewa mapema na kuna wa kungoja. Ukimnyoa kabla hajasema "mama," nywele zinaondoka na sauti.

Turbo: Katibu! Kwani sauti inakaa kwa nywele?

Katibu: Wewe ulinyolewa lini?

Turbo: Sijui.

Katibu: Ndio maana hueleweki.

Benchi likatikisika kwa kicheko. Janefer akamiminia kila mtu chai. Redio alipopokea kikombe chake, aliona ni zamu yake kusema kitu, maana Redio akinyamaza watu huanza kumtazama. Akatafuta neno la kusema, na lililokuwa karibu zaidi ni lile la mke wake.

Redio: Mama Rebeccah anasema ni lugha. Kijaluo na Kipsigis na Kiswahili, zote kwa mtoto mmoja. Labda ni kweli. Labda hicho Kijaluo ndicho kilimchanganya.

Alisema kwa sauti yake ya kawaida, ile inayosikika mpaka ng'ambo ya barabara. Ndipo akasikia kikapu kikiwekwa chini nyuma yake. Alikuwa Molly, amefika na majani ya jioni mgongoni na Kiptum ameshika sketi yake. Alikuwa amesikia yote. Aliinama akaanza kuchambua majani makavu kutoka kwa mabichi, na vidole vyake vilifanya kazi haraka kuliko kazi yenyewe ilivyotaka.

Redio alijua amemkosea tena. Mara ya kwanza kule kliniki, mara ya pili hapa benchini, na chai bado moto mkononi.

Injinia: Omera, ndugu yangu, hapo sasa umenigusa. Mimi nimelea watoto wanne kwa zile nyumba za kiwanda. Nyumbani Kijaluo, nje Kipsigis, kanisani Kiswahili, shuleni Kiingereza. Wote wanne wanaongea mpaka nikienda kwao nawaomba wapumzike.

Katibu: Lakini Injinia, ukweli usemwe. Nyinyi watu wa ziwa mnasema "samba" badala ya "shamba." Mtoto akisikia hivyo atakosa kuchanganyikiwa?

Injinia: Sisi? Na nyinyi je? Juzi nimeenda pale dukani, muuzaji ananiambia, "Papa yako amepita hapa." Nikasema, kumbe baba yangu ni samaki!

Turbo: Hiyo umetupata, Injinia.

Injinia: Na watoto wenu si wanaongea? Wanaongea. Mtoto anapanga mwenyewe, hii ya mama, hii ya kogo, nyanya yake, hii ya duka. Tulieni na mambo ya lugha.

Redio akatazama kikombe. Hakuna aliyemwangalia, lakini alihisi kama Injinia amemtetea mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye alipaswa kumtetea.

Kiptum alikuwa ameacha sketi ya mama yake, akaja kusimama mbele ya ndoo ya mandazi. Akamtazama Janefer, akafungua mdomo.

Katibu: Kiptum, unataka nini, baba?

Redio: Anataka mandazi.

Katibu: Nimeuliza mtoto.

Redio: Nimemsaidia.

Mtoto akafunga mdomo. Akapewa mandazi, akaenda kukaa chini karibu na gurudumu la pikipiki.

Turbo: Mimi nimepata ingine. Huyu alizaliwa saa ngapi?

Redio: Asubuhi, kiwanda kikilia.

Turbo: Haya basi! King'ora kililia wakati anatoa sauti ya kwanza. Akasikia kuna mtu mkubwa anaongea. Kwa sababu ni mtoto wa heshima, akanyamaza, angoje kimalize. Na kile king'ora hulia kila siku!

Injinia: Hapo kuna kitu. Presha ya king'ora mimi naijua. Inaweza kurudisha sauti ndani.

Katibu: Nyote mmepotea. Jibu liko zizini. Redio, yule ng'ombe wako mweupe, umewahi kumsikia akilia?

Redio: Yule ni mpole.

Katibu: Mpole gani? Amepita hapa miaka mingapi, hata "mooo" moja hakuna. Na Kiptum anakunywa maziwa ya nani?

Turbo: Uuuwi! Maziwa ya ng'ombe bubu!

Katibu: Mtoto anakunywa kimya, asubuhi na jioni. Kikombe kizima cha kimya.

Injinia alicheka mpaka akashika ukuta. Turbo alikuwa karibu kuanguka kutoka kwa pikipiki. Hata Molly, aliyekuwa ameinamia majani, mabega yake yalitikisika kidogo. Redio peke yake hakucheka. Alikumbuka maneno yake kule kliniki, yale ya ng'ombe wanaoongea, akaona Mungu anaweza kutumia hata ng'ombe kumshtaki mtu.

Wakiwa hapo, mwanamke mmoja akafika na mfuko wa majani kichwani na mtoto mgongoni. Jina lake Beldina. Alikuwa amehamia Roret majuzi tu, mumewe amepata kazi kiwandani, na majani aliyoleta yalikuwa ya mwenye nyumba wake. Akatua mfuko, akasalimia benchi lote kwa heshima. Kisha akamwona Molly, akamtambua kwa sura kuwa ni wa kwao, akamsalimia kwa Kijaluo. "Misawa!"

Molly akainua kichwa. Uso wake ulifunguka kama dirisha. Halafu akamtazama baba mkwe wake, dirisha likafungwa.

"Salama, dada," akajibu kwa Kiswahili.

Redio aliliona jambo hilo lote, tangu lilipoanza mpaka likaisha. Mtoto wa watu anaogopa kuitikia salamu kwa lugha ya mama yake, na sababu ni mzee anayevaa tai ya kanisa kila Jumapili.

Katibu: Karibu, mama. Sisi hapa tunatafuta kwa nini mtoto huyu hajaanza kuongea. Mpaka sasa tumefika kwa ng'ombe.

Beldina: Ng'ombe?

Turbo: Haongei.

Beldina akamtazama Kiptum, aliyekuwa anazungusha gurudumu la pikipiki kwa kidole huku ananguruma kama injini. Akatabasamu.

Beldina: Wangu mkubwa pia alikuwa hivi. Alikuwa ananguruma tu. Ati, kwenu kuna mtu mwingine aliyechelewa kuongea?

Injinia akafungua mdomo aseme kitu cha boila, akakosa. Turbo akajikuna kichwa. Wote wakamgeukia Katibu. Janefer, ambaye anajua nani ameazima jembe la nani na halijarudi tangu mwaka gani, akashika birika lake kwa mikono miwili.

Katibu: Hiyo... hiyo sijui.

Beldina: Si kutafuta mwenye makosa. Mimi kliniki waliniuliza hivyo hivyo, nikakumbuka ndugu ya mume wangu. Wakasema basi huyu asingojewe tu, aanze kusaidiwa sasa. Wakatufundisha vile tutamsemesha, na vile tutamngoja ajibu. Ilichukua muda.

Macho ya benchi, moja baada ya lingine, yakaanza kuelekea kwa Molly. Hayakuwa na ubaya. Yalikuwa yanaenda tu mahali ambapo njia ilikuwa imeshalimwa. Molly akaona yanavyokuja, akakaza mkono kwenye ukingo wa kikapu.

Mzee Kipchirchir akasimama. Akaweka kikombe kwenye ubao. Akavua kofia.

Redio: Ni mimi.

Turbo: Wewe nini, mzee?

Redio: Aliyechelewa kuongea. Ni mimi.

Wakacheka. Wote, hata Beldina kwa adabu, akidhani ndio mchezo wa hapo.

Injinia: Wewe? Wewe uliyeombea harusi mpaka bwana harusi akakaa chini?

Redio: Mimi. Kule Bomet, kabla sijahamia huku. Nilianza kuchunga ndama sijasema neno la kueleweka. Ndugu yangu mkubwa alikuwa hivyo, na mjomba wetu alikuwa hivyo. Mimi waliniita Bubu. Dada yangu ndiye alikuwa anasema kwa niaba yangu. Nikiangalia maji, anasema, "Anataka maji." Mpaka siku moja tukiwa sisi wawili, mimi na ndama, ndama akaingia kwa mahindi ya watu, na dada hayuko. Nikamfokea. Hilo ndilo neno langu la kwanza. La kumfukuza ndama.

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Kiptum naye aliacha gurudumu, akamtazama babu yake.

Turbo: Sasa naelewa. Tangu siku hiyo hujanyamaza.

Redio: Tangu siku hiyo.

Injinia akaanza kucheka polepole, na safari hii mzee akacheka naye, na macho yake yalikuwa na maji.

Katibu: Lakini Redio, mbona hukusema? Tumekaa hapa tumefika kwa ng'ombe, na wewe umetulia tu!

Redio: Aibu. Kliniki waliniuliza swali hili hili la huyu mama. Nikasema kwetu hata ng'ombe wanaongea. Watu wakacheka, nikaona nimeshinda. Kila Jumapili mimi ndiye nawaambia watu watubu, na mimi nimeacha lawama ikae juu ya mtu ambaye hana makosa. Mungu anisamehe.

Injinia: Kwanza huyo ng'ombe akusamehe.

Katibu: Kweli. Tumemsingizia sana.

Akainua birika awaongezee chai, akaliinamisha. Likakohoa tu. Chai ilikuwa imekwisha. Mbali, kwenye mteremko wa chini, lori la majani likasikika likibadilisha gia. Watu wakaanza kunyanyuka, kufunga mifuko, kutafuta nafasi ya mbele kwenye mizani. Turbo akampakia Kiptum juu ya pikipiki iliyozimwa ili asikanyagwe, mtoto akashika usukani, akaanza kunguruma tena.

Mzee hakuenda kwa mifuko yake. Katika nyumba yake, baba mkwe hana mazoea ya kumsemesha mke wa mwanawe ana kwa ana. Akitaka jambo, hulipitisha kwa Mama Rebeccah, na jibu hurudi kwa njia hiyo hiyo. Kwa miaka yote ambayo Molly amekuwa kwake, Redio wa Roret hakuwa amempa maneno yanayojaza kikombe. Sasa akamwendea pale alipoinama, akasimama na kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu yule ndama, maneno yalimpa shida kutoka.

"Molly."

"Baba."

"Kesho nitamwambia mama wa kliniki mimi mwenyewe. Na Kogo nitamwambia leo, kabla ya chakula. Hii kitu haikutoka kwako, wala kwa lugha yenu."

Molly hakuinua macho. Jani moja kavu lilikuwa kati ya vidole vyake, analigeuza tu. Lori likapiga honi kwenye kona.

"Na nikianza tena kumjibia mtoto, niambie ninyamaze. Mbele ya watu ukitaka."

"Siwezi, baba," akasema, lakini alikuwa anatabasamu kidogo.

"Utaweza. Na jioni, ukimwogesha," mzee akasema, "naomba umwimbie ule wimbo wa kwenu. Umwimbie kwa nguvu. Mimi nitakaa hapo nje, na nitanyamaza."